Boila ya Mafuta Nyumbani: Tazama Kwanza Njia ya Moshi

Wazee wetu walisema kwamba pafukapo moshi hapakosi moto. Mtu atakaye kuweka moto ndani ya nyumba yake yampasa kuigeuza methali hiyo na kusema: penye moto hapakosi moshi. Moshi huo usipopewa njia nzuri ya kutoka, utajitafutia njia wenyewe, na pengine njia hiyo ni chumba walimolala watoto.

Katika nchi za baridi, kama vile Ireland ya Kaskazini, au jimbo la Maine huko Marekani, nyumba nyingi hupashwa joto kwa boila ya mafuta. Katika Maine siku hizi wanakaa watu wengi wasemao Kiswahili, waliotoka Kongo, Rwanda na Burundi, na huenda hata wewe msomaji una jamaa huko. Mwezi wa Januari maji huganda nje usiku na mchana, na nyumba isiyo na moto haikaliki. Kwa hiyo kuchagua boila si jambo la anasa.

Boila ni chombo cha chuma cha kuchemshia maji. Mafuta hutoka katika tangi, hunyunyizwa kama mvuke pamoja na hewa, kisha huwashwa. Moto ule hupasha maji, na pampu huyasukuma katika mabomba mpaka vyumbani, ambako hupita ndani ya vyuma vinavyofanana na rejeta ya motokaa. Maji yakiisha kutoa joto lake hurudi kupashwa tena. Katika Maine hutumiwa zaidi mafuta yanayokaribiana na dizeli. Katika Ireland ya Kaskazini hutumiwa mafuta ya taa.

Wengi hudhani kwamba boila iliyo kubwa ndiyo bora. Hilo ni kosa. Boila iliyo kubwa kupita haja ya nyumba huwaka kidogo ikazimika, ikawaka tena ikazimika tena, kutwa kucha. Hivyo hupoteza mafuta, huchakaa upesi na hujaa masizi. Fundi hodari hatazami ukubwa wa boila ya zamani tu. Hupima kuta, madirisha na dari, apate kujua nyumba inapoteza joto kiasi gani siku ya baridi kali. Yafaa kuziba nyufa na kutandika dari kwanza, kwa maana nyumba ivujayo joto ni kama mtungi uliotoboka: hata uujaze mara ngapi, haukai maji.

Sasa tuje kwenye hewa na moshi. Lita 1 ya mafuta huhitaji kiasi cha mita za ujazo 10 za hewa ili iungue sawasawa. Hiyo ni hewa yote iliyomo katika chumba kidogo chenye upana wa mita 2, urefu wa mita 2 na kimo cha mita 2 na nusu. Moto ukinyimwa hewa hauungui vema, bali hutoa masizi na hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Kwa sababu hiyo haifai kuifungia boila katika chumba kisicho na matundu ya kuingiza hewa, isipokuwa ile inayovuta hewa yake kutoka nje.

Njia za kutoa moshi ni tatu.

Ya kwanza ni dohani. Moshi wa moto hupanda wenyewe, maana hewa ya moto ni nyepesi. Njia hii haihitaji pangaboi, nayo hutoa moshi juu ya paa, mbali na watu. Lakini dohani za zamani zilijengwa kwa ajili ya moto mkubwa. Mtu akiweka boila mpya, ndogo, katika dohani pana ya matofali, moshi hupoa kabla ya kufika juu. Unyevu uliomo hugeuka maji yenye ukali wa asidi, nayo hula chokaa iliyoshika matofali. Matofali yakianguka huziba njia, na moshi hurudi nyumbani. Dawa yake ni kupitisha ndani ya dohani bomba la chuma kisichoshika kutu, lenye upana unaolingana na boila.

Ya pili ni bomba ndani ya bomba, lipitalo ukutani. La ndani hutoa moshi, la nje huingiza hewa safi kwa moto. Njia hii yafaa sana nyumba isiyo na dohani. Lakini mdomo wake usiwe karibu na dirisha wala mlango, tena uwe juu ya kimo cha theluji, maana theluji ikiufunika, boila haivuti pumzi.

Ya tatu ni pangaboi la umeme linalovuta moshi na kuutupa nje kupitia ukutani. Hilo nalo laweza kufaa, ila ni chombo kimoja zaidi cha kutunzwa. Sharti kiwepo kifaa cha kuzima moto mara moja pangaboi lishindwapo.

Ziko pia boila za kisasa ambazo hupoza moshi wake makusudi, ili zipate hata lile joto lililomo katika mvuke. Hizo hutumia mafuta machache, lakini hutoa maji ya asidi ambayo yataka mfereji wake, na moshi wake haupasi kupitishwa katika matofali matupu.

Hatari ya kaboni monoksidi ni kwamba haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuchukua mahali pa hewa njema. Mtu huumwa kichwa, hutapika, hulegea, kisha hulala asiamke. Nasi hapa Kenya twaijua hewa hii. Ndiyo inayoua watu wa Limuru, Molo na mahali pengine pa baridi, mwezi wa Julai, wanapoingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Boila ya fedha nyingi na jiko la makaa, katika jambo hili, ni ndugu.

Basi, kabla hujalipa fedha, mwulize fundi maswali manne: Nyumba yangu yahitaji joto kiasi gani? Moto utapata hewa wapi? Moshi utatoka wapi? Nani atakuja kusafisha na kupima chombo hiki kila mwaka? Kisha weka karibu na vyumba vya kulala king'ora kinachotambua kaboni monoksidi. Kikilia, au watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa pamoja, tokeni nje wote, ndipo mwite msaada.

Fundi ajibuye maswali hayo kwa subira ndiye wa kumpa kazi. Yule asemaye tu kwamba chombo chake ni rahisi, mwache aende zake. Tahadhari kabla ya hatari.