Wati Elfu Kumi, na Bado Mama Hasikii Maneno



Mwaka juzi nilitoka duka moja hapa Mombasa nimekumbatia boksi refu kuliko mwanangu wa mwisho. Juu yake pameandikwa kwa herufi nyekundu: wati 10,000. Nilikuwa nimetoa shilingi 28,000, akiba ya miezi mitano, nikijua kuanzia usiku ule sebule yangu ni sinema kamili.

Baada ya Isha tuliketi na mama. Yeye ni mtu wa filamu za Kihindi tangu enzi za Regal na Naaz, na Kihindi chake si cha kubahatisha. Filamu ikaanza. Magari yakagongana, bunduki zikalia, vikombe kabatini vikatetemeka. Watu walipoanza kuzungumza, mama akanigeukia: "Mwanangu, wasemaje hawa?"

Nikaongeza sauti. Maneno yakasikika kidogo, mara bomu likalipuka, na baada ya dakika chache mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Mjukuu wake alikuwa na homa na ndiyo kwanza amepata usingizi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Tupunguzieni kidogo, mwanangu." Wallahi, afadhali angenigombeza.

Naandika haya kwa sababu naona wengi wetu twaingia duka lile lile kwa mlango ule ule. Twanunua homu thieta kwa namba ya wati na ukubwa wa boksi. Hilo ndilo kosa la kwanza.

Hebu tufanye hesabu. Umeme wa nyumba zetu ni volti 240, na soketi ya kawaida ya ukutani imewekewa kikomo cha ampea 13. Zidisha: wati 3,120. Hiyo ndiyo nguvu yote ambayo soketi ile yaweza kutoa. Sasa hizo 10,000 za kwenye boksi zatoka wapi? Geuza mashine uangalie nyuma, kwenye kibandiko kidogo karibu na waya wa stima. Yangu ilisema yatumia wati 90. Mashine haiwezi kutoa mfululizo nguvu kuliko inayokula. Namba kubwa za boksini mara nyingi huandikwa PMPO, kipimo cha kufumba na kufumbua ambacho kila mtengenezaji hukikadiria atakavyo. Kipimo cha kuulizia ni RMS, yaani nguvu ambayo spika yaweza kuihimili kwa muda mrefu. Ujue pia kwamba sikio halihesabu kama daftari: ili sauti isikike kama imekuwa maradufu, zahitajika wati kama mara kumi. Kati ya wati 50 na 100 za kweli, tofauti ni ndogo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na namba zile za wino mwekundu ndizo miguu yake.

Namba yenye maana ni ile nyingine, 2.1 au 5.1. Ya kwanza ni idadi ya spika za kawaida, na ile moja baada ya nukta ni spika ya besi, wufa. Mfumo wa 5.1 una spika ya kushoto, ya kulia, ya katikati, na mbili za kukaa ubavuni au nyuma kidogo ya watazamaji. Ulienea katika majumba ya sinema kwa sauti ya Dolby Digital kuanzia mwaka 1992, kisha ukaingia majumbani. Katika filamu nyingi zilizotengenezwa kwa mfumo huo, mazungumzo hutoka hasa kwenye spika ya katikati. Za kushoto na kulia hubeba muziki na mishindo, na za nyuma hubeba mvua, upepo, na kelele za umati wa watu.

Sasa nikwambie nilivyofanya mimi. Spika zote tano nilizipanga mbele pamoja na runinga, mbili mbili kila upande kama askari wa gwaride, kwa sababu zilipendeza. Ile ya katikati ilikuwa fupi, haikunipendeza, nikaisukuma kwenye rafu ya chini nyuma ya kitambaa cha kutarizi. Kwa maneno mengine, nilichukua spika ya mazungumzo nikaiziba mdomo, halafu nikalalamika kwamba watu hawasemi.

Aliyenifungua macho ni fundi kijana. Kabla yake nilikuwa nimeomba ushauri kwa watu watatu. Muuza duka aliniambia ninunue mashine kubwa zaidi. Rafiki yangu wa barazani, mpenzi mkubwa wa muziki, alinitajia jina la kampuni aipendayo. Jamaa mwingine akanipa orodha ya waya za bei ghali. Hakuna hata mmoja aliyeuliza sebule yangu ikoje. Yule kijana alipofika hakugusa kitu. Alisimama mlangoni akauliza, "Mzee, Bi mkubwa huketi upande gani?"

Kisha akapiga makofi mara moja, akasikiliza mwangwi. Sakafu yetu ni ya vigae, kuta tupu, madirisha ya vioo. Sauti hugonga huku na huku, maneno yakapandana. Akatuambia tutandike zulia kati ya makochi na runinga na tuteremshe pazia nzito tukitazama. Spika ya katikati akaitoa mafichoni, akaiweka chini kidogo ya runinga na kuielekeza usawa wa masikio ya mama. Ya kushoto na ya kulia akazitenganisha hadi zikafanya pembetatu na kochi letu. Mbili za nyuma akazipeleka ubavuni mwa kochi, juu kidogo ya vichwa vyetu tukiketi. Wufa akaitoa pembeni mwa ukuta wa jirani, maana pembe ya chumba huikuza besi, na besi hupenya ukuta kuliko sauti nyembamba. Mwisho akaingia kwenye mipangilio ya mashine, akaongeza sauti ya spika ya katikati peke yake.

Hakuuza kitu. Alichukua shilingi 1,500 za kazi yake. Filamu ile ile, mashine ile ile, sauti ikiwa chini kuliko ile ya usiku wa kwanza, na mama alicheka penye kichekesho kabla yangu.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayepanga kununua, nakupa kipimo kimoja cha kuchagua mshauri. Washauri ni wengi, na wengine wajua sana. Lakini anayetaja bei au jina la kampuni kabla ya kuuliza chumba chako ni kipana kiasi gani, wangapi hutazama, na nani yuko nyuma ya ukuta, huyo hazungumzii nyumba yako, azungumzia yake. Kama sebule ni ndogo na huna pa kuweka spika za nyuma, 3.1 au 2.1 nzuri itakufaa kuliko 5.1 iliyorundikwa mbele. Na kama mfumo wako hauna spika ya katikati, hakikisha mipangilio haiisomi kama ipo, ama mazungumzo yatapelekwa pasipokuwa na kitu. Nenda dukani na filamu unayoijua, usikilize sehemu ya mazungumzo, si ya mabomu. Hapa kwetu pia chumvi ya bahari hula vichwa vya waya. Vikague mara kwa mara, na uweke kifaa cha kulinda mashine stima inaporudi kwa kishindo.

Usisahau masikio na majirani. Wataalamu wa usalama kazini huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane kwa siku, na kila desibeli tatu zikiongezeka, muda huo hukatwa nusu. Masikio ya watoto wetu hayana spea. Kuhusu jirani, sheria ya kelele ya NEMA ipo tangu 2009, lakini sisi hatukungoja sheria kufunzwa haki ya jirani.

Wiki ile ile nilikwenda kwa mzee wetu na sahani ya mahamri. Mjukuu alikuwa ameshapona, alhamdulillahi. Nikamwomba jambo moja: aketi chumbani kwake nami niwashe filamu kwangu, anijulishe inapomfikia. Tukapata alama kwenye kirimoti, namba 18. Hatuivuki baada ya Isha. Siku hizi Ijumaa usiku huja yeye mwenyewe, huketi kando ya mama, na wote wawili wasikia kila neno.