Raita ya DVD inafaa kompyuta yoyote: itafute kabla diski hazijafa

Kati ya mwaka 2005 na 2015 hivi, sherehe ilipokwisha Mwanza, iwe harusi ya Kirumba au kipaimara cha Nyegezi, mpiga video alikukabidhi diski. Kwaya ziliuza DVD mlangoni mwa kanisa baada ya ibada. Mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, yale ya sikukuu ya Bulabo pale Bujora, nayo yaliwafikia waliobaki nyumbani kwa njia hiyohiyo. Leo diski ziko kabatini, deki imeshakufa, na kompyuta mpakato mpya ukiigeuza pande zote huoni mahali pa kuingiza diski.

Hapo ndipo watu huanza kuulizia raita ya DVD, na swali la kwanza huwa ni hili: kompyuta yangu ni HP, nikinunua raita ya LG itakubali? Itakubali. Raita za DVD, awe amezitengeneza nani, hupokea amri za aina moja, kwa utaratibu ambao viwanda vilikubaliana na kuuita MMC. Windows ikitaka kusoma au kuchoma diski hutuma amri zilezile kwa LG, ASUS, Lite-On au Samsung. Kwa sababu hiyo huhitaji draiva ya ziada, na anayetaka kukutoza pesa ya "kuiingizia draiva" raita ya USB mwambie aache. Ukiichomeka, subiri kidogo, itajitokeza yenyewe pamoja na diski kuu zako.

Ninayoikataza ni moja tu: SuperDrive ya Apple, ile bapa ya rangi ya fedha. Imetengenezwa iitikie kompyuta za Mac peke yake. Ukiipata kwenye mitumba kwa bei ya kutupa na wewe unatumia Windows, iache hapo hapo.

Katika historia ya vifaa hivi, mara nyingi iliyomkatalia mteja ilikuwa programu, kifaa chenyewe hakikuwa na shida. iDVD ya Apple ilitoka mwaka 2001, na mpaka toleo la 6 la mwaka 2006 ndipo ilipokubali rasmi kuchoma kwenye raita ya kampuni nyingine. Programu za Nero nazo, zile zilizokuja ndani ya boksi la raita, nyingi zilifungwa zifanye kazi na raita iliyouzwa nazo tu. Ukibadilisha raita, Nero inagoma. Watu wengi walitupa raita nzima kwa kosa la programu. Ukikutana na hali hiyo leo, weka ImgBurn, ambayo ni ya bure, ila soma kila ukurasa wakati wa kuisakinisha, kwa kuwa kisakinishi chake kimewahi kubeba programu za matangazo ambazo hukuziomba.

Sasa uchague: ya nje au ya ndani?

Kwa mwenye kompyuta mpakato hakuna mjadala, anunue ya nje, ya USB. Tatizo lake kubwa ni umeme, na ndilo linalowarudisha watu dukani wakidai wameuziwa kibovu. Tundu la USB 2.0 limewekewa kikomo cha miliampea 500. La USB 3.0, ambalo kwa kawaida lina rangi ya bluu ndani, hufika 900. Raita ya nje inapoanza kuzungusha diski, au inapowasha leza ya kuchomea, inaweza kuhitaji zaidi ya hizo 500. Dalili zake ukizijua hutazisahau: taa inawaka, diski inazunguka, unasikia mlio wa tik-tik, halafu kila kitu kinazima na Windows inalia kana kwamba umechomoa waya. Baada ya sekunde chache inaanza upya. Kifaa hicho si kibovu, kimekosa nguvu. Kihamishie kwenye tundu la bluu. Kama ni kompyuta ya mezani, tumia matundu ya nyuma yaliyo kwenye ubao mama wenyewe, achana na ya mbele. Usipitishe kwenye kigawanyio cha USB kisicho na chaji yake. Na dukani ulizia raita yenye waya wa vichwa viwili, kimoja cha data na umeme, kingine cha kuongezea umeme tu. Usikubali ijaribiwe kwa kufungua na kufunga mlango wake tu. Omba ichome diski moja mbele yako mpaka mwisho.

Raita ya ndani ni ya mwenye kompyuta ya mezani, na Mwanza nyingi ni zile zilizotumika kwenye ofisi za Ulaya na Uarabuni kabla ya kuletwa huku, Dell OptiPlex na HP Compaq. Ina faida: inachota umeme wa kutosha kutoka paua ya kompyuta, na inachoma kwa kasi zaidi kuliko ya nje, ambayo nyingi huishia 8x. Kabla ya kununua fungua kasha uangalie mambo mawili. La kwanza ni ukubwa wa nafasi. Kasha kubwa huchukua raita ya kawaida ya upana wa inchi 5.25, lakini yale madogo ya kulaza huchukua raita nyembamba ya kompyuta mpakato, ya unene wa milimita 12.7 au 9.5, na hizo mbili hazibadilishani. La pili ni waya. Waya bapa na mpana wenye matundu 40 ni IDE ya zamani. Waya mwembamba wenye kichwa kidogo ni SATA. Raita ya SATA haiingii kwenye IDE bila kibadilishio.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya bisibisi na dakika chache: chomoa umeme, gusa chuma cha kasha kuondoa umeme tuli, ingiza, kaza, unganisha data na umeme. Ila kwenye OptiPlex kuna mtego unaowapotezea muda hata mafundi. Unafunga kila kitu sawasawa, unawasha, na raita haionekani. Ingia kwenye BIOS kwa kubonyeza F2, tafuta sehemu ya draivu, na utakuta lile tundu la SATA ulilotumia limezimwa. Liwashe. Baadaye ukiichomoa raita hiyo, kumbuka kulizima tena, la sivyo kompyuta itasimama kila asubuhi ikilalamika kwamba draivu haionekani na kukutaka ubonyeze F1.

Ukishafunga, elewa kinachotokea ndani, maana huko ndiko kuliko na hatima ya harusi yako. Diski ya filamu inayotoka kiwandani imepigwa chapa: vishimo vidogo sana vimegandamizwa kwenye plastiki na kufunikwa kwa tabaka la chuma. Diski ya kuchoma haina vishimo. Ina tabaka la rangi ya kemikali, na leza nyekundu ya nanomita 650, ikiongezewa nguvu, inaibabua rangi hiyo nukta kwa nukta kwenye mstari wa ond ambao mizunguko yake imeachana kwa mikromita 0.74. Wakati wa kusoma, leza hiyohiyo kwa nguvu ndogo hutofautisha palipobabuliwa na pasipobabuliwa. Geuza diski uangalie chini: ya kiwandani ni ya fedha, ya kuchoma ina uzambarau.

Kwa hiyo filamu ya mwigizaji Kanumba uliyonunua na sanduku lake inaweza kudumu kuliko video ya ndoa yako mwenyewe. Rangi ile inaharibiwa na mwanga wa jua, joto na unyevu, na sisi wa kando ya ziwa tunavyo vyote vitatu. Diski iliyokaa miaka juu ya meza ya televisheni karibu na dirisha, chini ya bati, imekuwa ikififia kila siku bila mtu kuigusa. Inaumiza kuona familia ikileta diski safi isiyo na mkwaruzo hata mmoja na kuambiwa haisomeki, na ndani yake kuna sauti ya bibi ambayo haipo popote pengine. Ndiyo maana nasema mwenye diski hizi atafute raita mwaka huu. Isitoshe, watengenezaji wanapungua: Sony ilisimamisha utengenezaji wa diski za Blu-ray za kurekodia Februari 2025, na kompyuta nyingi mpya hazina tena nafasi ya kuingiza diski.

Kuchoma vibaya ni kufupisha maisha ya diski tangu siku ya kwanza. Kasi ya 1x ya DVD ni karibu megabaiti 1.4 kwa sekunde, na diski nzima kwa kasi hiyo ingechukua karibu saa moja. Diski iliyoandikwa 16x haikulazimishi kuchoma kwa 16x. Mimi huchoma kwa 8x, nasubiri kama dakika kumi, na mwishoni naiacha programu ihakiki ilichoandika. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS usiianzishe kuchoma siku ambayo umeme unacheza; DVD-R huandikwa mara moja tu, na TANESCO wakikata katikati, ile diski ni ya kutupa. Ujazo nao huwachanganya watu: gigabaiti 4.7 zilizoandikwa kwenye sanduku, Windows huzihesabu kama 4.37, kwa hiyo faili inayoonyesha 4.5 haitaingia.

Windows itakuuliza kama diski unataka uitumie kama flashi au kwenye deki ya CD na DVD. Ukichagua flashi, deki ya mama kule Nansio haitaisoma. Chagua deki. Na hata hapo, ukirusha tu faili ya MP4, deki nyingi za zamani zitakwambia hakuna diski, kwani zinatarajia folda ya VIDEO_TS yenye video ya MPEG-2. Programu ya bure ya DVDStyler inakutengenezea hiyo. Chagua PAL, ndiyo mfumo wa televisheni zetu. Habari ya maeneo ya DVD (region) usiihofie kwa diski ulizochoma mwenyewe, hazina kizuizi. Kizuizi kiko kwenye filamu za kiwandani: Tanzania iko eneo la 5 na Oman eneo la 2, na raita inakuruhusu kubadilisha eneo mara tano tu, kisha inagandia pale ulipoishia. Shemeji akikuletea filamu za Muscat, usibonyeze "badilisha" ovyo.

Wenye nia ya kurudufu DVD za kwaya au za waigizaji wetu na kuziuza, wajue kwamba sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inawahusu, na hata kama isingekuwepo, kwaya ile ilijichangisha kulipia studio.

Kwa kuokoa diski za zamani, kwanza zisafishe: maji ya kawaida na sabuni laini kidogo, kisha futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Usifute kwa kuzungusha. Raita ina hesabu za kusahihisha makosa zinazoweza kuziba pengo fupi. Mkwaruzo unaokata mistari unaacha mapengo mafupi, lakini unaofuata mzunguko unakula data mfululizo mahali pamoja na hesabu inashindwa. Dawa ya meno iache bafuni. VCD zinahitaji uangalifu zaidi upande wa juu, kwa sababu data yake iko chini ya rangi ya jina tu, wakati ya DVD iko katikati ya vipande viwili vya plastiki.

Halafu nakili diski nzima kama faili ya ISO badala ya kukokota faili moja moja, na ISO hiyo iweke kwenye diski kuu mbili za nje zinazokaa nyumba mbili tofauti. Raita moja ikishindwa kusoma, jaribu ya kampuni nyingine kabla ya kukata tamaa, kwa kuwa lenzi na hesabu zao hutofautiana, na diski iliyokataliwa na moja mara nyingi husomwa na ya pili.

Anza na zile zisizo na jina la kampuni, zilizochomwa kabla ya 2010. Kama una diski ndogo za sentimita 8 zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera, huenda hazikufungwa mwishoni mwa kurekodi, na kompyuta itazionyesha kama tupu. Usizifute wala usichome kitu juu yake. Itafute kamera iliyozirekodi au ya aina hiyohiyo, iwashe kwa chaji yake badala ya betri, amuru ifunge diski, ndipo uilete kwenye raita.