Bei ya Khiyari: Uuzaji, Mkopo na Swali la Riba kati ya Zanzibar na Manyema

1. Utangulizi

Neno hiari lajulikana kwa kila asemaye Kiswahili, awe Lubumbashi au Mombasa. Kutenda jambo kwa hiari ni kulitenda bila kushurutishwa na mtu. Wachache, hata hivyo, hukumbuka kwamba katika karne ya 19 neno la asili hiyo hiyo, kwa umbo la khiyari lililo karibu zaidi na Kiarabu, liliandikwa mara kwa mara katika hati za deni za Zanzibar. Aliyekuwa na shamba na akahitaji fedha aliliuza kwa khiyari. Yaani aliliuza huku akibaki na haki ya kulirudisha mikononi mwake iwapo atalipa fedha zile kabla ya muda uliowekwa kwisha.

Makala haya yanakusudia kueleza mkataba huo, namna ulivyofanya kazi, na jinsi ulivyohusiana na biashara ya misafara iliyofika hadi Manyema, katika mashariki ya Kongo ya leo. Jambo hili si la historia tupu. Watafiti wa uchumi wa Kiislamu wangali wanajiuliza swali lile lile lililowasumbua wanazuoni wa pwani: je, mkopo ukivishwa vazi la uuzaji, huacha kuwa mkopo?

2. Misingi: biashara na riba

Sheria ya Kiislamu hutenganisha biashara na riba. Tofauti hiyo imewekwa wazi katika Kurani, sura ya Baqara, aya ya 275; na aya ya 282 ya sura hiyo hiyo, iliyo ndefu kuliko zote, yaamuru deni la muda liandikwe mbele ya mashahidi. Kwa hiyo dini haikatazi deni. Kinachokatazwa ni mkopeshaji kupata nyongeza juu ya mali aliyokopesha. Wanafiqhi wameifupisha kanuni hii kwa kusema kwamba mkopo wowote unaomvutia mkopeshaji manufaa umeingia katika riba.

Uuzaji una hukumu nyingine. Muuzaji ana ruhusa ya kupata faida, na walio wengi miongoni mwa wanafiqhi wamekubali kwamba bei ya kulipwa baadaye yaweza kuzidi bei ya papo hapo, maadamu imetajwa na kukubaliwa tangu mwanzo. Sababu yao ni kwamba muuzaji anamiliki kitu halisi na anabeba hatari ya kupotea au kuharibika kwake kabla hajakiuza.

Kuna pia njia za ushirikiano. Katika mudharaba, mmoja hutoa mali na mwingine hutoa kazi. Faida hugawanywa kwa sehemu walizopatana. Hasara ikitokea bila uzembe wa mfanyakazi, mwenye mali hupoteza mali yake, na mfanyakazi hupoteza jasho lake. Katika shirika, wote hutia mali, na kila mmoja hubeba hasara kwa kadiri ya fungu lake. Tofauti kubwa kati ya njia hizi na mkopo, basi, ni swali moja: nani hubeba hatari?

3. Bei ya khiyari ilivyofanya kazi

Ili mkataba ueleweke, uchukuliwe mfano wa kubuni. Mwenye shamba la mikarafuu anahitaji riale 1000. Anamwendea tajiri na kumuuzia shamba kwa kiasi hicho, kwa sharti kwamba akizirudisha riale 1000 ndani ya miaka miwili, shamba litakuwa lake tena. Baada ya kuuza, hahami. Analikodi shamba lile lile kutoka kwa mnunuzi kwa riale 10 kila mwezi. Miaka miwili ikitimia na fedha zikarudishwa, mauzo yanavunjika, na tajiri amepata riale 240 za kodi. Fedha zisiporudishwa, khiyari imekwisha na shamba ni la tajiri moja kwa moja.

Kwa maandishi, hapa hapana riba. Pana mauzo, pana khiyari, na pana kodi. Mambo matatu ambayo kila moja peke yake ni halali. Lakini yakiunganishwa, matokeo yake kwa mwenye shamba hayatofautiani na mkopo wa riale 1000 wenye riba ya asilimia 12 kwa mwaka, shamba likiwa rehani. Wanazuoni waliliona jambo hili mapema. Waibadhi wa Oman na Washafii wa pwani waliujadili sana mkataba huu, wala hawakuafikiana. Baadhi waliuruhusu kwa kuwa maneno yake yalikuwa ya uuzaji na watu walikuwa na haja nao. Wengine waliukataa kwa kuwa nia ya wahusika ilikuwa mkopo. Hadhramaut ulikuwapo mkataba wa namna hiyo ulioitwa bei ya uhda, na katika nchi za Wahanafi ulikuwapo mwingine ulioitwa bei ya wafaa. Zanzibar, kwa hiyo, haikuwa pekee.

Haja ya fedha katika visiwa ilikuwa kubwa. Mnamo Aprili 1872 tufani iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na mkarafuu mchanga huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, na mwaka 1897 utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria Zanzibar. Mashamba yaliyotegemea kazi ya watumwa yakahitaji fedha za ujira. Wengi wa waliokuwa na fedha walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Uhindi: Wabaniani wa dini ya Kihindu pamoja na Waislamu wa madhehebu ya Ismailia na Bohora. Mbaniani hakufungwa na katazo la riba. Aliyefungwa ni mdaiwa wake Mwislamu. Hati ya khiyari iliwawezesha wawili hao kukutana.

4. Mali kauli na njia ya Manyema

Biashara ya misafara ilitumia njia nyingine, ambayo Kiswahili kimeihifadhi kwa jina la mali kauli, yaani bidhaa anazopewa mtu kwa kuaminiwa ili akazifanyie biashara kisha alipe. Tajiri wa Unguja alimkabidhi kiongozi wa msafara vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba. Bei iliyoandikwa ilizidi ile ya fedha taslimu, na malipo yalitazamiwa msafara urudipo na pembe za ndovu, pengine baada ya miaka. Kwa kanuni iliyoelezwa juu, huu ni uuzaji wa muda, na nyongeza yake ni faida.

Mfano ulio mashuhuri ni wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye kama Tippu Tip, aliyefariki Zanzibar mwaka 1905. Aliyemwezesha kwa mali alikuwa hasa Taria Topan, tajiri wa Kiismailia. Habari za maisha yake, alizozieleza kwa Kiswahili na kuchapishwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, zimejaa bei, mizigo na madeni kiasi kwamba zafaa kusomwa kama daftari la biashara pamoja na kusomwa kama fasihi. Njia ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kufika Kasongo na Nyangwe, kando ya mto Lualaba.

Hapa lile swali la hatari larudi. Kama mali ile ingetolewa kwa mudharaba, msafara ulioporwa njiani ungemgharimu tajiri. Kwa kuwa ilitolewa kama deni, hasara yote ilimwangukia mfanyabiashara. Aliyerudi mikono mitupu alirudi kudaiwa. Ndiyo sababu wengine hawakurudi kabisa: walijenga Tabora, Ujiji au Kasongo, wakaoa huko, wakatumaini kwamba mwaka ujao pembe zitapatikana. Deni liliwasukuma mbele, na kila lilipowasukuma liliwasogeza karibu na watu ambao hawakuweka saini katika hati yoyote.

Watu wa Manyema hawakuwa wadai wala wadaiwa, lakini sehemu kubwa ya gharama waliilipa wao. Pembe zilinunuliwa, na pia zilichukuliwa kwa nguvu. Mateka walibebeshwa mizigo na kuuzwa. Tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone alishuhudia watu wa wafanyabiashara wakifyatua risasi katika soko la Nyangwe na kuua umati, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula. Fiqhi yenyewe yakataza mali ya kunyang'anya. Hata hivyo hati ya deni iliyoandikwa Unguja haikuwa na mstari wa kueleza pembe itapatikanaje. Ilitaja kiasi, muda na mashahidi. Mkataba uliweza kuwa safi mbele ya kadhi, na mali iliyoulipa ikawa na damu.

5. Ushahidi wa msamiati

Lugha yenyewe ni ushahidi wa historia hii. Vitenzi vya msingi vya soko, kama kuuza, kununua na kulipa, ni vya Kibantu. Majina ya mambo ya mkataba kwa wingi yametoka katika Kiarabu: deni, riba, faida, hasara, rehani, dhamana, amana, hawala, dalali, muflisi. Rasilimali, kwa asili, ni kichwa cha mali. Neno bei, ambalo kwa Kiarabu lina maana ya uuzaji, kwa Kiswahili limekuwa jina la thamani inayotajwa katika uuzaji huo. Maana ya kale imebaki katika misemo ya kisheria kama bei ya khiyari. Hundi imetoka Uhindi, kama walivyotoka wengi wa walioitumia.

Maneno kadhaa ya namna hii yalisafiri pamoja na misafara na kubaki katika Kiswahili cha Kongo hata baada ya vita vya 1892 hadi 1894, vilivyomaliza utawala wa wafanyabiashara wa pwani katika bonde la Lualaba. Kasongo na Nyangwe zilianguka mwaka 1893. Deni, faida na hasara zikabaki midomoni mwa watu.

6. Kutoka hati za kale hadi utafiti wa sasa

Waingereza walipoifanya Zanzibar nchi lindwa mwaka 1890, mahakama zao zilielekea kuiona bei ya khiyari kama rehani, kwa kutazama matokeo yake kuliko maneno yake. Hilo halikuondoa madeni ya wenye mashamba. Mwaka 1934 serikali ililazimika kutunga sheria ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isiendelee kuhamia mikononi mwa wadai.

Watafiti wamezirudia hati hizo kwa macho mapya. Abdul Sheriff, katika kazi yake ya 1987, alionyesha jinsi kupanda kwa bei ya pembe kulivyoisukuma biashara hadi bara. Fahad Ahmad Bishara mwaka 2017 na Thomas McDow mwaka 2018 walichunguza hati za deni zenyewe, na kuonyesha kwamba zilikuwa nyenzo ya kuwaunganisha watu wa Oman, Uhindi, Zanzibar na bara.

Kwa upande mwingine, elimu iitwayo uchumi wa Kiislamu ilikua katika karne ya 20. Muhammad Baqir al-Sadr alitoa kitabu chake juu ya uchumi mwaka 1961. Benki ya akiba ya Mit Ghamr ilianzishwa Misri mwaka 1963. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ilifunguliwa Jeddah mwaka 1975, na mwaka uliofuata mkutano wa kwanza wa kimataifa wa elimu hiyo ulifanyika Makka. Waanzilishi walitumaini kwamba mudharaba na shirika vitakuwa nguzo za benki mpya. Katika utendaji, benki nyingi zimeegemea murabaha: benki hununua kitu anachokitaka mteja na kumuuzia kwa bei ya juu, ilipwe kwa muda. Ndivyo hata katika benki za aina hiyo zilizoanza Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2011.

Msomaji wa historia ya pwani ataona kwamba murabaha ni jamaa wa mali kauli. Na kama ilivyokuwa zamani, ubishi ni mkali. Mwaka 1992 Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu liliamua kwamba bei ya wafaa, nduguye bei ya khiyari, kwa hakika ni mkopo unaoleta manufaa, na kwa hiyo haifai. Mwaka 2009 baraza hilo lilikataa pia tawaruku iliyopangwa, ambayo mteja hununuliwa bidhaa na kuuziwa mtu mwingine papo hapo ili apate fedha taslimu. Mara zote mbili hoja ilikuwa moja: umbo la uuzaji halitoshi ikiwa hakuna anayetaka kitu kinachouzwa.

7. Hitimisho

Historia ya bei ya khiyari yafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba uhalali wa maneno ya mkataba na uadilifu wa matokeo yake ni mizani miwili, na utafiti unaotumia mmoja tu utapotoka. La pili lawahusu hasa wanafunzi wa Kongo. Hati zilizohifadhiwa zaeleza habari za mdai na mdaiwa wa pwani. Za Manyema hazimo. Anayetaka kujua gharama kamili ya mikopo ile hana budi kuyatafuta masimulizi ya Kasongo na vijiji vya Lualaba, na kuyaweka kando ya hati za Unguja. Mwenye shamba aliyeuza kwa khiyari alikuwa na hiari ndogo, kwa kuwa shida ilikwisha kumshika. Mtu wa Manyema hakuulizwa hata hiyo.