Je, Wajua? Merere, jemadari wa bonde la Usangu

Ukishuka kutoka Matamba kwenda Chimala kwa barabara ya kona hamsini na saba, ule uwanda unaotandaa chini ni Usangu. Katika karne ya 19 bonde hilo lilitawaliwa na Mtemi Merere, ambaye aliongoza vita mwenyewe.

Mwaka 1877 Frederic Elton, balozi mdogo wa Uingereza huko Msumbiji, alipita milima hii na kuukuta mji wa Merere umezingirwa na adui. Elton alifariki Desemba mwaka huohuo akiwa Ugogo, lakini Wazungu waliendelea kwa miaka mingi kuuita uwanda wa juu wa Kitulo kwa jina lake. (Merere, aliyempokea, hakupewa hata kilima.)

Wahehe walimtoa Merere Usangu. Akahamia Utengule ya Usongwe, upande wa Mbeya, akajenga ngome.

Ukoo wa Merere ulijua kuchagua rafiki. Uliungana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ambaye ngome yake ya Kalenga ilianguka Oktoba 1894. Uamuzi huo haupendezi masikioni leo, ila ulizaa matunda: kabla karne haijaisha, Wasangu walikuwa wamerudi Usangu.