Siki Haitibu

Bado nakutana na wasomi wanaoamini kwamba muuguzi ni daktari aliyeishia njiani. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mafunzo ya wauguzi watakaopima, kutambua ugonjwa na kutibu. Ford alitoka katika afya ya jamii vijijini. Alichotaka ni kuupanua uuguzi wenyewe, wala si kupata daktari wa bei nafuu.

Nilikusudia kueleza nadharia ya uuguzi, kisha kinga, kisha maadili. Lakini chumba cha uchunguzi wa mlango wa kizazi kinayabeba yote matatu, basi tuingie humo.

Muuguzi hupaka asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5, husubiri dakika moja, kisha hutazama. Seli zilizoanza kuharibika zina protini nyingi. Siki huigandisha, na mahali hapo hugeuka peupe. Mara nyingi doa hilo huweza kuondolewa siku hiyohiyo kwa baridi kali au kwa joto. Kutoka maambukizi ya virusi vya HPV hadi saratani hupita miaka mingi, na ndani ya miaka hiyo ndimo muuguzi anamofanyia kazi.

Sasa wapo wanaonunua siki dukani wakajisafishe ukeni, eti mbona hospitali wanaitumia! Siki haitibu, inaonyesha tu. Siki, ndimu, shabu: vyote huwavuruga bakteria wanaoulinda uke. Na chanjo ya HPV, inayotolewa nchini Tanzania tangu 2018, haimfungi binti kizazi. Anayeeneza uvumi huo anawaachia mabinti saratani inayozuilika.

Mwananadharia wa uuguzi Dorothea Orem alifundisha kwamba muuguzi anahitajika pale uwezo wa mtu kujitunza unapozidiwa na mahitaji ya afya yake. Kwa hiyo naanza kwa kuuliza: mama, nini kitakuzuia kurudi? Wengi hutaja nauli. Wengine hunong'ona, "Mume wangu atasema nimetoka nje." Lakini virusi vya HPV huweza kukaa kimya miaka mingi, doa halisemi nani alimwambukiza nani, wala lini. Muuguzi asiyeeleza hilo kabla ya kupaka siki ameomba saini, hajaomba ridhaa. Na majibu ni ya mama huyo. Mama mkwe anayesubiri kwenye benchi hana haki ya kuyapata, hata kama nauli ameitoa yeye.