Kompyuta ya Tawi Itumie Mfumo Gani?



Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 marekebisho ya kawaida ya usalama, ila kwa wale waliojiandikisha kuongezewa muda. Tawi letu la Carama, kama matawi mengine, lina mashine za mitumba zenye mfumo huo. Mashine haitazimika. Itaendelea kuandika barua kama jana, lakini tundu jipya likionekana humo halitazibwa.

Kwanza tujue tunalinda nini. Ndani ya kompyuta ile mna daftari la wanachama: majina, simu, mahali pa kazi, nani kalipa ada, nani kamshitaki msimamizi wake. Daftari hilo likimfikia mwajiri, mtu aweza kuachishwa kazi kesho yake. Wako wanaosema sisi ni maskini, nani atatuibia? Hao hatukubaliani nao.

Kuna Windows 11. Yataka kumbukumbu ya GB 4 angalau, nafasi ya GB 64, na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, ambayo mashine nyingi za zamani hazina. Tena wakati wa kuiweka hudai ujiandikishe kwa Microsoft, na hupeleka kwao habari za matumizi ya mashine. Baadhi zaweza kuzimwa, si zote. Nakala za bandia tusizifikirie kabisa. Aliyevunja kufuli ya programu aweza kuacha mlango wake mwenyewe ndani.

Kuna Linux, aliyoianza Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Aina yake moja, Ubuntu, ilitoka mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Kwa mashine dhaifu twapendelea Linux Mint ya Xfce, ni nyepesi. Hailipiwi, haidai akaunti, na wakati wa kuiweka waweza kuagiza diski nzima ifungwe kwa neno la siri. Mwizi akiichukua ikiwa imezimwa, amepata mabati na waya tu. Lakini neno hilo likisahauliwa hata sisi hatuingii. Basi walijue wawili, mwenyekiti na katibu.

Ugumu uko kwenye programu. LibreOffice hufungua barua za Word na hesabu za Excel, ingawa mistari ya majedwali mara nyingine huhama. Programu ya uhasibu iliyotengenezwa kwa Windows peke yake huenda isifanye kazi. Kwa hiyo shauri letu ni hili: mhasibu apewe mashine inayokubali Windows 11, na daftari la wanachama likae kwenye Linux.

Kabla ya kufuta chochote, nakilini daftari mahali pawili. Kisha jaribuni Linux kutoka kwenye fleshi ya GB 8. Huwaka bila kugusa diski. Jaribuni na printa pia, maana ndiyo husumbua kwanza.