SWALI LA KWANZA KATIKA USAILI: "KWA NINI UNAITAKA KAZI HII?"

Chama cha msingi kinapotangaza nafasi ya katibu, barua za maombi huwa nyingi. Siku ya usaili waombaji huketi barazani mwa ofisi ya chama, vyeti mkononi, wakingoja kuitwa. Aghalabu swali la kwanza la bodi huwa hili: "Kwa nini unaitaka kazi hii?" Ni swali fupi, lakini ndilo linalowashinda wengi. Baadhi ya waombaji hujibu kwa kukisifu chama, wengine kwa kueleza shida zao. Bodi nayo, kwa kutojua inatafuta nini, hupokea jibu lolote na kuhamia kwenye vyeti. Hasara yake huonekana msimu wa mazao ukifika.

Yafaa ieleweke kwamba swali hilo si la adabu tu. Katibu ndiye anayeshika vitabu vya chama, na jasho la wanachama hupita mikononi mwake. Tuchukue mfano. Mizani ya chama ikipunja nusu kilo katika kila gunia la kilo 50, na chama kikapokea magunia 2,000 kwa msimu, wakulima watakuwa wamepunjwa kilo 1,000. Katibu mwenye moyo wa kazi hulinganisha stakabadhi za wakulima na uzito wa mazao yaliyomo ghalani kila wiki, na ziada isiyo na maelezo humshtua mapema. Asiye na moyo huo hungoja mkaguzi aje. Wote wawili wanaweza kuwa na cheti cha aina moja.

Tuyatazame sasa majibu matatu ambayo bodi inaweza kuyasikia.

Mwombaji wa kwanza anasema: "Nina mke na watoto wanne, na sina kazi." Kuhitaji mshahara si aibu. Lakini jibu hilo lingefaa mbele ya mwajiri yeyote, awe mwenye duka au mwenye basi. Halielezi lolote kuhusu kazi ya ukatibu.

Mwombaji wa pili anasema kwamba ameupenda ushirika tangu utotoni. Anaanza na waasisi wa Rochdale wa mwaka 1844, kisha anaitaja kwa ufasaha misingi saba iliyokubaliwa Manchester mwaka 1995. Elimu hiyo ni njema, na kila katibu anapaswa kuwa nayo. Hata hivyo, kukariri msingi wa udhibiti wa kidemokrasia ni jambo moja, na kumsomea mwanachama hesabu mpaka azielewe ni jambo jingine.

Mwombaji wa tatu anasema: "Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa karani wa mizani katika chama kingine kwa misimu miwili. Wakulima walikuwa wakipokea malipo ya pili bila kuelewa makato, na baadhi yao wakaanza kuwauzia walanguzi kahawa yao usiku. Nilianza kumsomea kila mmoja makato yake kabla hajatia sahihi, na manung'uniko yakapungua. Hapa kwenu nimesoma taarifa iliyo kwenye ubao wa matangazo, sikuona mchanganuo wa makato. Ningependa kuifanya kazi hiyo kwa chama kizima. Mshahara nao nauhitaji, kama mfanyakazi yeyote."

Jibu la tatu lina mambo matatu: kitu alichokwisha kukifanya, kitu alichokijua kuhusu chama hiki, na kitu anachokusudia kukifanya. Zaidi ya hayo, linaweza kuthibitishwa. Bodi inaweza kuuliza katika chama alikotoka, tena inaweza kwenda kuutazama ubao wake yenyewe.

Basi mwombaji anayetaka kujieleza vema hana budi kufanya maandalizi haya:

(a) Aombe kuyasoma masharti ya chama, na asome taarifa zilizobandikwa ofisini.

(b) Azungumze na wanachama wawili watatu, wanawake kwa wanaume, awaulize ni jambo gani linalowasumbua.

(c) Achague tukio moja katika maisha yake ya kazi au ya kijiji linaloonyesha kwamba amewahi kuijali kazi ya namna hiyo. Aliyewahi kutunza daftari la kikundi cha kuweka na kukopa ana la kusema, hata kama hajawahi kuajiriwa.

(d) Akiri asichokijua. Anayesema "Sijawahi kufunga hesabu za mwaka, lakini najua kulinganisha vitabu na taarifa ya benki" huaminika kuliko anayedai kujua yote.

Kwa upande wa bodi, ufasaha wa ulimi usiwadanganye wajumbe. Kijana mwenye haya anaweza kujibu vibaya kwa hofu tu. Huyo aulizwe kwa njia nyingine: "Tueleze kazi moja uliyoifanya ukaridhika nayo." Msemaji hodari naye aulizwe zaidi: "Makato hayo yalikuwa yapi? Aliyekataa kuelewa ulimfanyaje?" Mwenye la kweli huongeza maelezo kila anapoulizwa, lakini aliyekariri huyarudia maneno yale yale.

Waombaji wote waulizwe swali moja la kwanza, na majibu yao yaandikwe. Mjumbe mwenye ndugu yake miongoni mwa waombaji atoke chumbani wakati wa usaili na wa uamuzi. Vyeti vitazamwe kwa makini, kwa maana taifa limewekeza katika elimu hiyo tangu Chuo cha Ushirika kilipoanzishwa Moshi mwaka 1963, chuo ambacho mwaka 2014 kilipata hadhi ya chuo kikuu. Lakini cheti hujibu swali la "Unajua nini?" Swali la "Kwa nini unaitaka kazi hii?" hulijibu mwombaji mwenyewe.

Mwisho, jibu la aliyeajiriwa lisitupwe. Lihifadhiwe katika jalada lake, na miezi sita ikipita mwenyekiti amsomee mbele ya bodi. Ikiwa alisema atawasomea wanachama makato yao, aulizwe ni wangapi waliokwisha kusomewa. Mwombaji akijua kwamba maneno yake yatarudi kwake siku moja, atayapima kabla ya kuyatamka. Nao wanachama watakuwa wamepata kipimo cha kumpimia mtumishi wao, mbali na mizani ya ghalani.